Mvua ya Mawe Maktabani

Tangu siku ile alipoanguka katikati ya shamba la majani chai, Magdaline hakuiamini tena ardhi. Alilala pale chini kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, nyonga imevunjika, akisikia watu wakipita barabarani wakicheka, naye sauti haitoki. Miaka miwili baadaye mfupa ulikuwa umeunga. Woga haukupoa. Alitembea akipapasa kuta, na bafuni aliingia kama mtu anayevuka mto uliofurika.

Mwanawe Mbuthia, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Sotik, ndiye aliyemwandikisha katika kikundi cha wazee. Mji ulikuwa unapanuka, nyumba za ghorofa zikisogelea mashamba ya chai, na katikati yake palikuwa na ukumbi wa jamii na maktaba ndogo, vikitenganishwa na uwanja. Kila Jumatano wazee walikuja kunyoosha viungo, kupimwa presha na kucheza drafti. Magdaline hakuwahi kunyoosha kiungo hata kimoja. Alikaa maktabani karibu na mlango, mkongojo kati ya magoti, rafiki yake Bilhah akimsomea matangazo ya vifo gazetini.

Jumatano moja, saa tisa alasiri, mawingu yalitanda upande wa Kaplong, meusi ti. Monicah, msichana wa maktaba, alichungulia dirishani.

"Shosho, kaeni hapa hapa. Nakimbia ukumbini nisaidie kufunga madirisha. Nakuja sasa hivi."

"Usikawie, mama," Magdaline alimwambia.

Monicah hakuwa amefika ng'ambo ya uwanja mvua ya mawe ilipoanza. Ilianza kwa jiwe moja, mawili, kisha bati likanguruma kana kwamba lori la kokoto linamwagwa juu ya paa. Kioo kimoja kilipasuka. Barafu ikaruka sakafuni, ikafuatwa na maji yaliyopenya chini ya mlango. Magdaline alishtuka, mkongojo ukamponyoka, ukateleza mpaka chini ya rafu za vitabu.

Bilhah alikuwa amekwisha kuingia chini ya meza ya kusomea, shuka aliyojitanda ameivuta kichwani. Magdaline alimwonea wivu. Kisha akainua macho.

Juu ya meza ile, dari ilikuwa imelowa, imetuna kama tumbo la ng'ombe mwenye mimba. Bila shaka barafu ilikuwa imeziba mifereji ya paa na maji yakarudi ndani. Ubao ulishuka kidogo. Msumari mmoja ukachomoka ukaanguka.

"Bilhah! Toka hapo!"

Hata yeye mwenyewe hakuisikia sauti yake. Aliita tena na tena. Shuka haikutikisika.

Kutoka kiti chake hadi pale mezani hapakuzidi hatua sita. Saruji ilikuwa inang'aa maji, na vipande vya barafu, vikubwa kama njugu mawe, vimetapakaa kote. Aliweka mguu mmoja chini. Ukateleza. Akaurudisha upesi. Alitazama mlango, akimwomba Mungu Monicah atokee. Hakutokea mtu.

Ubao ukashuka tena.

Ndipo Magdaline alipofanya jambo ambalo kwa miaka miwili hakuthubutu hata kuliwaza. Alishika kiti kwa mikono miwili, akajishusha mwenyewe, polepole, mpaka makalio yakagusa sakafu. Maji yakapenya gauni. Alikuwa analia. Akaanza kujiburuta, kiganja, kisigino, kiganja, kisigino, barafu ikimchoma mapajani.

Alipolivuta vazi la Bilhah, Bilhah alipiga teke kwa hofu, likampata begani.

"Ni mimi! Dari inaanguka! Njoo!"

"Niache! Hapa ndipo salama!"

Magdaline hakubishana. Alimshika kifundo cha mguu kwa mikono yote miwili akamvuta kama gunia, na Bilhah alipoona dari kwa macho yake akajisukuma mwenyewe. Walikuwa wameufikia ukuta pale dari ilipoachia. Mbao, barafu na maji vilishuka kwa mshindo mmoja, na meza ikalala chini, miguu imekatika.

Monicah aliwakuta wamekumbatiana. Mwanamume mmoja wa wale waliokuwa wakicheza drafti ukumbini aliinama amwinue Magdaline.

"Usinishike!" alipiga kelele. "Utaniangusha!"

"Shosho," Monicah alisema taratibu, "si uko chini tayari?"

Mbuthia alikuja na gari kumchukua, na nyumbani akasema mambo ya maktaba yamekwisha. Wiki mbili Magdaline alikaa kitandani, akisikiliza paa kila wingu lilipopita.

Jumatano ya tatu alivaa viatu. Kikundi kilikuwa kimeazima chumba cha kanisa, kwani mawe yalikuwa yametoboa paa la ukumbi pia, na alifika akipapasa ukuta kama kawaida yake. Monicah alikuwa anatandika mikeka ya mazoezi.

"Shosho, nikuletee kiti?"

"Hapana. Kushuka sasa najua. Nifundishe kuinuka."

Alijaribu mara nne siku hiyo, Bilhah akimhesabia. Mara zote nne aliinuliwa.