Asilimia Nne

"Toka Dar umejaza tangi mara ngapi? Mimi toka Arusha mpaka Masama nimekula umeme wa elfu tano. Elfu tano, Mathayo!"

"Na bei uliyonunulia? Si ungejenga ghorofa!"

"Bora ghorofa kuliko hilo lako la viti viwili. Utambeba nani?"

"Nibebe mtu kwani mimi basi? Hili likinguruma, kijiji kizima kinatoka nje."

Watu wazima hawa, wana wa tumbo moja, siku ya pili ya Krismasi wanabishana uani juu ya magari. Leonia alikuwa jikoni anamenya ndizi za supu ya mtori, anawasikia. Chumba cha mbele mama yao, Hilaria, alikuwa amelala na mipira puani, mashine ya oksijeni ikikoroma kando yake. Mwaka mzima nyumba ile ya vyumba sita ilikuwa ya wanawake hao wawili tu. Leonia alikuja kufanya kazi za ndani, na miaka kumi na minne baadaye ndiye aliyejua bibi analalia ubavu gani.

Efraimu, yule wa gari la umeme, akachungulia, waya mnene wa kuchajia begani. Tangu juzi alikuwa akiwazungusha binamu zake, na sasa gari limebaki na asilimia nne.

"Dada Leonia, hii soketi inafanya kazi?"

Alijua. Miezi miwili soketi ile ilikuwa inapata moto, na wiki iliyopita ilinuka plastiki. Lakini Novemba, alipompigia Efraimu kuomba mtungi wa akiba wa oksijeni, alijibiwa, "Dada, kila siku wewe?" Tangu siku hiyo hakuomba kitu. Aibu ina nguvu, jamani.

"Inafanya, kaka."

Haikupita robo saa tangu achomeke waya. Plastiki ilianza kunuka, kikafuata kishindo kwenye mita, na swichi kuu ikatoa moshi. Kisha chumba cha mbele kikanyamaza.

Leonia alitupa kisu akakimbia. Hilaria alikuwa amekaa kitandani, macho yamemtoka, kifua kinapanda na kushuka bila faida.

"Fundi! Mpigieni fundi wa umeme!" Leonia akapaza sauti.

"Yuko Rombo kwao," Mathayo alisema, simu sikioni. "Mtungi wa akiba uko wapi?"

Efraimu aliangalia chini.

"Basi nimpeleke hospitali mimi, langu linakimbia," Mathayo akasema, akatoka mbio, akalitazama gari lake jekundu lililokaa chini kama bata, kisha akaitazama barabara iliyochimbwa na mvua. Juzi vijana sita walilisukuma kulipandisha. Akarudi analia. "Halifiki. Tumbo litanasa. Na mama hawezi kukaa peke yake, nani atamshika?"

"Twendeni na langu," Efraimu alisema. "Kushuka linajichaji lenyewe. Linaweza kutufikisha."

"Linaweza?"

"Sijui, Mathayo! Sijui!"

Wakambeba. Leonia alikaa nyuma, bibi mapajani mwake, mwepesi kuliko alivyokuwa jana. Mathayo akakaa mbele. Njia ikaanza kuteremka katikati ya migomba na mibuni.

"Kaka Efraimu," Leonia alisema. "Ile soketi nilijua. Nilijua, nikanyamaza."

Efraimu alimtazama kwenye kioo.

"Na mimi mtungi niliukumbuka, dada. Kila siku niliukumbuka. Mshike mama."

Kwenye kona ya kanisa namba ya chaji ikabadilika. "Tano!" Efraimu akapaza sauti kama mtoto. "Imepanda!"

Mathayo alikuwa anasali kwa Kichagga, haraka haraka, akirudia maneno yale yale. Vidole vya Hilaria, vilivyokuwa vimemkamata Leonia mkono tangu kitandani, vililegea.

"Bibi? Bibi Hilaria, niko hapa."

"Sita! Tutafika, mama, tutafika!"

Leonia akainama mpaka shavu lake likagusa midomo ya bibi.

"Kaka, zima hiyo feni," alisema. "Simsikii."

Efraimu akaizima. Mathayo naye akaacha kusali. Gari likaendelea kuteremka, na Leonia akasogeza sikio karibu zaidi.