Kuku wa Hilara

Mume wangu Mansuetus alipofariki aliniachia tanuru moja na mabinti wawili, ambao tangu utotoni hawajawahi kugawana hata tini bila kupimiana kwa macho. Venusta, mkubwa, alichukua kalibu zote za baba yake, zile za kufinyangia taa za mafuta: farasi, ua, mwezi. Hilara alibaki mikono mitupu. Akakaa chini, akachonga kalibu yake mwenyewe, na taa iliyotoka humo ilikuwa na kuku mgongoni, amefunika vifaranga.

Watu wa mji wetu wa Mutina walimpenda yule kuku. Wakawa wanapita sokoni mbele ya meza ya Venusta bila hata kugeuza shingo.

"Farasi amewakosea nini?" Venusta akaniuliza siku moja, anakoroga dengu. "Kuku kazi yake kunya kila mahali. Nani anamtaka mezani kwake?"

"Naona wengi," nikasema.

Akaacha mwiko humohumo sufuriani.

Kabla ya mwaka mpya, Bassus, msimamizi wa hamamu ya mji, akasema anataka taa za kuweka kwenye kuta zote za hamamu. Kila binti alete moja, na atakayempendeza ndiye atakayemfanyia kazi hiyo miaka yote. Venusta hakuwa na njaa. Mumewe ana mikokoteni na ng'ombe wa kuivuta. Alichotaka ni Hilara asiipate.

Akamtuma jirani akamnunulie kwa Hilara taa moja ya kuku. Akaizungushia taa hiyo jasi mbichi, jasi ikakauka, akaipasua katikati, akawa na kalibu ya kuku. Taa yenyewe ilivunjika wakati wa kuitoa. Akashindilia udongo wake kalibuni, akachoma.

Kuku akatoka amesinyaa. Venusta akadhani jasi ilikuwa mbovu. Akatengeneza kalibu nyingine, safari hii akitumia huyo huyo aliyesinyaa, maana mwingine hakuwa naye. Aliyetoka mara ya pili alikuwa kama njiwa, na vifaranga kama punje za dengu. Basi akamchukua yule wa kwanza, akampeleka.

Nilikuwepo. Bassus aliziweka taa mbili juu ya benchi la mawe, akazitazama, akajikuna tumbo.

"Huyu mama, huyu mwana," akasema. "Venusta, wako atakua lini?"

Wachota maji wakacheka. Hilara hakucheka. Aliigeuza taa ya dada yake, akagusa bawa la kuku, pale ambapo kisu chake kilimteleza siku alipochonga.

"Dada, hata kovu amelirithi," akasema polepole.

Kazi akapewa Hilara.

Venusta akaja kwangu, shela imemwanguka begani. "Ameniloga, mama. Ameandika jina langu kwenye bati la risasi, akalitupa kisimani. Kuku wangu wananywea, kila mmoja mdogo kuliko mwenzake."

"Mchawi gani huyo asiye na kazi, anayekaa kuloga kuku?"

"Unamtetea. Siku zote unamtetea."

"Kaa chini. Udongo ukiingia motoni unanywea. Wa kila mtu, hata wa mke wa gavana. Baba yenu alichonga kikubwa kuliko alichokitaka, ili moto uchukue chake. Wewe ulimtolea kalibu kuku aliyekwisha kunywea, wako akanywea tena."

Akaivuta shela begani: "Hilara alifundishwa lini hayo?"

"Siku ile ile mliyofundishwa wote. Wewe ulikuwa unaangalia bonge la nani limezidi."

Aliondoka bila kuaga. Hilara alipompelekea ujumbe kwamba atamchongea kalibu mpya, jibu lilirudi kwamba ajiwekee kuku wake.

Asubuhi ya mwaka mpya, watu wanapopelekeana tende na asali, Venusta alinijia na kitu amekikumbatia kama mtoto. Ilikuwa taa, kubwa kama sahani ya kulia, na mgongoni ina mnyama mnene mwenye masikio.

"Nguruwe?" nikauliza.

"Mbwa, mama. Nimemchonga mwenyewe." Akatupa jicho kwenye rafu yangu, palipokaa taa ya kuku wa Hilara. "Kashanywea huyu wangu. Na bado kampita kuku wake."

Inakula mafuta ile taa, acha tu. Lakini kila jioni naziwasha zote mbili kwa moto mmoja, naziweka sambamba. Nikiwasha moja tu, kabla sijamaliza uji, binti mmoja yuko mlangoni, anauliza ile nyingine imefanya nini cha ajabu.