Mafahali Wawili Ndani ya Laptop ya Shangazi

Laptop ya Shangazi ilikuwa nzito kama tofali, na betri yake ilikufa zamani. Ukichomoa waya tu, kwaheri. Lakini ndani yake mlikuwa na programu ya kudarizi, na cherehani yetu kubwa ya darizi haikusikia amri ya programu nyingine yoyote. CD ya programu hiyo ilivunjika siku binti yake alipoikalia. Kwa hiyo ikifutika imefutika, na cherehani inageuka meza.

Binti mwenyewe tunamwita Profesa. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea kompyuta, na masomo yalitaka mfumo tofauti na ule wa zamani. Laptop nyingine hatukuwa nayo.

"Tuweke mifumo yote miwili," alisema. "Ukiiwasha, inakuuliza unataka upi."

"Mafahali wawili hawakai zizi moja," Shangazi akajibu, pini zikiwa mdomoni.

"Wanakaa, mama. Tunawajengea ukuta katikati."

"Na fahali wangu akikanyagwa?"

Profesa anajua mengi, ila vidole vyake hutangulia macho. Mimi kazi yangu pale kwenye duka la Shangazi la ushonaji ni kufumua mishono iliyokosewa, na mfumuaji mwenye pupa huchana kitambaa. Shangazi akanigeukia.

"Wewe ndiye utakayebonyeza. Huyu asome tu."

Jumamosi asubuhi tukaanza. Kwenye kioo ukatokea mstari mrefu, nafasi yote ya diski, tuugawe. Shangazi akaacha pasi aje kuangalia, maana kukata ni kazi yake.

"Nusu kwa nusu," alisema Profesa.

"Nusu kwa nusu hukatwa keki. Upande wangu uachie akiba ya mshono. Fahali wangu mnene."

Nikasogeza alama kidogo. Ukuta ukakaa. Nikachomeka flashi yenye mfumo mpya, nikaiwasha upya laptop, nayo ikauliza: nifute diski yote, au nikae kando ya mfumo uliopo? Kidole cha Profesa kilikuwa tayari njiani. Nikakipiga kofi.

"Nilikuwa naonyesha tu!"

"Onyesha kwa mdomo."

Nikachagua kukaa kando. Mafaili yakaanza kunakiliwa, pole pole. Shangazi akarudi kwenye pasi yake.

Sasa, pale kwetu amri ni moja: anayemaliza kupiga pasi huzima swichi ya ukutani. Baada ya miaka yote hiyo, mkono wa Shangazi hauulizi tena. Na laptop ilikuwa kwenye swichi hiyohiyo. Tulikuwa asilimia sitini na mbili. Shangazi akakunja suruali ya mwisho, akasimamisha pasi, akanyoosha mkono. Ta!

Kioo kikawa cheusi.

"Nimemuua," alisema, mkono ungali ukutani. "Fahali wangu, kwa mkono wangu mwenyewe."

Profesa alijifunika uso kwa aproni.

"Shangazi, washa," nikasema.

Nikachomoa flashi, nikabonyeza, nikangoja. Laptop ile haijawahi kuharakishwa na mtu. Ikakoroma, ikanyamaza, ikakoroma tena. Halafu mfumo wa zamani ukafunguka, na programu ya kudarizi imekaa palepale. Nikatuma mchoro mdogo kuliko yote, bata. Cherehani ikakohoa, ikaanza kudonoa kitambaa. Mgeni alikuwa bado anashusha mizigo yake upande wa pili wa ukuta, mwenyeji hakuguswa.

Shangazi alicheza mpaka kiatu kikamtoka. Kisha akasema, "Basi, tuishie hapo."

"Mama!" Sauti ya Profesa ilipasuka.

"Shangazi," nikasema, "uzi ukikatika katikati ya mshono, unatupa nguo?"

Akanitazama. "Hufumuliwa," alisema taratibu, "hushonwa upya."

"Basi kalia mikono."

Akaikalia kweli. Tukarudia tangu kuchomeka flashi. Asilimia arobaini, pua ikamwasha, Profesa akamkuna. Sabini, ikamwasha tena.

"Mama, unafanya makusudi."

"Nikune tu. Mtoto hulelewa kwa nini?"

Tulipowasha mara ya mwisho, mistari miwili ilitokea kwenye kioo, mmoja juu ya mwenzake. Profesa aliruka, akanikumbatia mimi na laptop pamoja. Shangazi alichagua mstari wa chini, wa mfumo wake wa zamani, kwa kidole chake mwenyewe, na kazi ya kwanza aliyoidarizi ilikuwa kitambaa cha bata chenye neno USIZIME. Tukakitundika juu ya swichi.

Jioni alimaliza kupiga pasi. Mkono ukaenda wenyewe, ukagonga bata.

"Ala!" alisema, akauchapa ule mkono kwa mwenzake, akachomoa waya wa pasi.