Ua wa Kaiyaba

Kwa miaka mitatu niliwasumbua watu wa barabara mpaka mlinzi wa ofisi yao akawa ananiita kwa jina. Nilitaka kitu kimoja tu: njia ya miguu na baiskeli, kutoka soko la Giakanja hadi kituo cha maziwa. Mke wangu, Wamucii, aligongwa na lori asubuhi akipeleka maziwa, hatua ishirini kutoka lango letu. Nilimkuta kwenye lami, mtungi bado uko mkononi. Tangu siku hiyo nanywa strungi, chai isiyo na maziwa, na siipendi.

Wiki iliyopita wapimaji walikuja. Niliwatangulia na panga langu, nikiwaonyesha kila aliyeingilia ardhi ya barabara. Jirani yangu Theuri nilimfokea mbele ya wateja wake. "Watu wanakufa sababu yako!" Kibanda chake cha viazi kikabomolewa. Aliokota mbao zake, nami nikadhani nimemweza.

Mpimaji mkuu alikuwa dada mpole kutoka Bungoma, Nekoye. Tulipofika kwangu alisoma ramani, akatazama ua wangu wa kaiyaba, uzio wa miti ya miiba kando ya lami, akasoma tena.

"Mzee, bikoni yako ya mpaka iko wapi?"

"Si iko hapo kwa ua."

Aliingia shambani, akahesabu hatua, akaomba jembe. Katikati ya majani ya ng'ombe jembe likagonga jiwe la mpaka. Kutoka pale hadi kwenye ua ni hatua tatu nzima.

"Huu ua ulipandwa na nani?"

Na nani mwingine? Kila ua ulipozeeka nilipanda mwingine mbele yake, karibu zaidi na lami. Wengi hapa kwetu hufanya hivyo, na ng'ombe lazima ale. Nilijiona mjanja sana. Siku nilipopanda mstari wa mwisho, Wamucii alisimama na mtungi wake akinitazama.

"Baba Murugi, sasa sisi tutapitia wapi?"

"Pitia kwa lami," nikamwambia. "Ni ya serikali."

Alicheka, akapitia kwa lami.

Nekoye alisema mashine ingekuja Jumatatu kung'oa ua. Sikungoja. Kaiyaba ina miiba mirefu na mimi sikutafuta glavu. Nilikata huku nikilia kwa sauti, mzee mzima, na watoto wa shule wakivuka upande wa pili kunikwepa.

Jioni nikasikia panga lingine. Theuri alikuwa ameanza kukata kutoka kona ya chini. Tulikutana karibu na lango, mikono yetu imechanika. Nilitaka kumwomba msamaha wa kibanda, lakini kilichonitoka ni kingine.

"Wewe ulijua?"

Alifuta panga lake kwenye nyasi.

"Sisi wote tulijua, Ngatia. Tangu matanga. Lakini ulikuwa unalia sana. Nani angekuambia?"