Almasi ya Kahawia

Kwa sonara pale Kibaha, Shangazi Maulida, aliyemlea mchumba wangu Yahya, aliisukuma kando almasi niliyoichagua.

"Ya kahawia? Kisarawe nzima watasema tumeokota kokoto. Chukua nyeupe, Siwema."

Yahya akajifanya anaangalia saa za ukutani. Kwao pete ya uchumba huchaguliwa na shangazi, na ni shangazi huyu huyu aliyeniletea mkorogo wiki iliyopita, nijichubue niwe mweupe kabla ya harusi.

Nikaivaa ile ya kahawia, nikamnyooshea mkono.

"Samahani, Shangazi. Jiwe hili na ngozi hii haviendi popote. Mkorogo wako nimesugulia choo, kimekuwa cheupe pe. Yahya akitaka mweupe, mposeeni hicho."