Mzani wa Kutoka Nyumbani

"Magunia mia sita na thelathini, uzito kilo tisa!" Nilimsomea Karan risiti ile kwa sauti, na wakulima waliokuwa kwenye foleni wakaangua kicheko.

Baba yake ana kiwanda cha kukamua alizeti hapa Singida mjini, na programu ya kompyuta ya mapokezi tunaiandika mimi na Karan. Kipande changu ndicho kinachochapa risiti. Kinapokea magunia kwanza, kilo baadaye, na nimekitangaza hivyo, yaani nimeandika mpangilio huo, kwenye faili moja ili kila programu inayokitumia isome humo.

Karan hakusoma humo. Alikuwa na tangazo lake mwenyewe, alilolinakili kabla sijabadilisha mpangilio, kwa hiyo akatanguliza kilo mia sita na thelathini, magunia tisa yakafuata. Kompyuta iliona namba mbili, ikaridhika.

"Lakini dada Kauthar, la kwangu lilikuwa linafanya kazi."

"La kwako! Nani alikutuma uwe na la kwako?"

Akanuna, akalifuta, akaielekeza programu yake kwenye faili letu. Risiti ikatoka sawa. Sikumsifu.

Kesho yake mzee mmoja wa kijiji cha Mtinko alishusha gunia la alizeti, mkononi kashika mzani wake wa kuning'iniza. Akasema keshapima nyumbani, sisi tuandike tu. Nilikuwa nafungua mdomo, Karan akaniwahi.

"Shikamoo mzee. Mzani wako ni mzuri, ila hapa wote tunapimia mmoja."

"Marahaba," mzee akajibu, akabeba gunia lake kwenda kwenye mzani.

Karan hakuthubutu kunitazama. Nikamwagizia chai na chapati mbili.