Noti Mbili Zilizogandana

Simu ilimkuta fundi rangi juu ya ngazi, brashi mkononi.

"Baba Pacha, bomba la jirani wa juu limepasuka," mkewe alisema. "Maji yameingia kabatini."

"Albamu?"

"Njoo tu nyumbani."

Alikuwa ameshafika nusu ya njia alipokumbuka kwamba hata hakuuliza habari ya watoto. Ndani ya albamu ile mlikuwa na noti za benki za watu binafsi, za enzi ambazo tajiri yeyote aliweza kufungua benki na kuchapisha noti zake. Benki zenyewe zilikufa kabla babu yake hajazaliwa. Noti alizipata moja moja, kwenye minada na kwa wauza vitabu vikuukuu, na mkewe alizoea kumtania kwamba ameletewa mke mwenza wa karatasi.

Alimkuta amezitandaza juu ya mataulo, kitandani, mezani, hadi kwenye meza ya kupigia pasi.

"Pasi sijaigusa," Mama Pacha alimwahi. "Na watoto wako shuleni, ukitaka kujua."

Akainamisha uso, akazipitia. Ile ya bluu yenye farasi, ya benki ya wauza ngozi, haikuonekana. Alipekua kabati, akakung'uta mashuka, akapapasa sakafu yenye maji.

"Hii mbona nene?" mkewe aliuliza.

Zilikuwa mbili. Farasi alikuwa amelalia tumbo mgongoni mwa noti nyingine, na kwa kuwa noti zile hazikuchapishwa nyuma, hakuna aliyemwona. Kuzibandua hivihivi kungezichana. Ilibidi zirudi majini.

Fundi alijaza sinia maji, akazishika noti, akaziweka tena.

"Sogea," alisema Mama Pacha. Alikuwa mkunga, alinawa mikono kama anayeingia zamu. "Na usinipumulie shingoni."

Zilielea. Pembe moja ikaachia, kisha nyingine. Mara wino ukachuruzika majini kama uzi wa moshi. Sahihi ya mwenye benki, iliyoandikwa kwa mkono, ilikuwa imefutika.

"Nimeiharibu?" mkewe aliuliza kwa sauti ndogo.

Alitazama. Farasi alikuwa mzima, kwato zote nne.

"Hapana. Umemwokoa."

Wakailaza juu ya taulo, wakaketi kuilinda. Joto lilikuwa kali, lakini hakuna aliyethubutu kuwasha feni.